MTI ULIOZUNGUKA: HISTORIA YA TAA ZA RANGI ZA KRISMASI

Kila unapowadia mwezi wa Desemba, madukani na katika baadhi ya nyumba za miji yetu huonekana nyaya nyembamba zenye taa ndogo ndogo, nyekundu, kijani, buluu na manjano, ambazo huwaka na kuzimika kwa zamu. Watoto husimama wakazitazama, na wakubwa hupita wakijifanya hawakuziona. Mwezi mwingine nyaya zizo hizo huonekana zimetundikwa penye arusi au penye Maulidi, kwani taa haina dini wala kabila. Wengi wetu hudhani kwamba jambo hili la taa kubadilika rangi na kutembea juu ya mti ni mtindo wa juzi, uliozuka pamoja na kompyuta.

Sivyo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mti wa Krismasi wa kwanza kujulikana kwa kupambwa kwa taa za umeme, ambao umri wake sasa umepita miaka 140, ulikuwa tayari na rangi tatu, ulikuwa ukizunguka, na taa zake zilikuwa zikiwaka na kuzimika kwa mpango. Tena tunakusudia kuonyesha kwamba pambo hili, kubwa kwa dogo, tangu siku hiyo limesimama juu ya maswali matatu: Taa ni ngapi? Nani aziamuru? Na mti huu ni wa nani, yaani nani atakayeutazama? Maswali mawili ya kwanza ni ya hesabu. La tatu si la hesabu, nalo ndilo lililo zito kuliko yote.

Kabla ya umeme

Desturi ya kuuingiza mti nyumbani wakati wa Krismasi ilikua katika nchi za Wajerumani. Katika mji wa Strasbourg habari ya mwaka 1605 yataja miti ya misonobari iliyowekwa sebuleni, ikapambwa kwa mawaridi ya karatasi, matofaa na vitu vitamu, mishumaa haitajwi. Mishumaa tunaipata katika barua ya mwaka 1708 ya Liselotte wa Pfalz, binti wa kifalme aliyeozwa Ufaransa, ambaye uzeeni aliikumbuka Krismasi ya utotoni mwake huko Hanover, na miti midogo iliyofungwa mshumaa kwenye kila tawi. Desturi hiyo ilipata nguvu Uingereza baada ya Malkia Victoria kuolewa na Albert, Mjerumani, mwaka 1840. Picha ya jamaa hao wakiuzunguka mti wao ilipotolewa katika gazeti la Illustrated London News mwaka 1848, watu wengi wakataka kuwa na mti kama ule.

Lakini mshumaa ni moto, na msonobari uliokatwa hukauka upesi, tena una utomvu. Kwa hiyo mishumaa iliwashwa kwa muda mfupi tu, watu wote wakiwapo, na ndoo ya maji ikiwa karibu. Mti ulikuwa fahari ya dakika chache, na hofu ya dakika zizo hizo. Rangi nayo haikuwako: ulimi wa mshumaa ni wa manjano, ukipenda usipende. Wala mishumaa haikuweza kuwashwa na kuzimwa kwa zamu. Mti ulio hai kwa mwanga, wenye rangi nyingi na mwendo, haukuwezekana kabla ya kuja umeme.

Mti wa Bwana Johnson

Thomas Edison alionyesha taa yake ya umeme hadharani huko Menlo Park tarehe 31 Desemba 1879. Tarehe 4 Septemba 1882 mtambo wake wa barabara ya Pearl mjini New York ulianza kuuza umeme, ukiwasha taa 400 hivi. Umeme ulikuwa bado kitu kigeni, na wengi waliuogopa. Kampuni ya Edison ilihitaji wateja, na wateja walihitaji kuvutwa.

Makamu wa rais wa kampuni hiyo alikuwa Edward Hibberd Johnson. Mwezi wa Desemba mwaka 1882, miezi mitatu tu baada ya mtambo kuanza kazi, alisimamisha mti wa Krismasi sebuleni mwake mjini New York, akaufunga taa 80 za kioo, kila moja ukubwa wake ukikaribia jozi, yaani ile kokwa ya Kizungu. Taa zenyewe ziligawanywa karibu sawasawa katika rangi tatu: nyekundu, nyeupe na buluu, ambazo ndizo rangi za bendera ya Marekani. Habari za mti huo ziliandikwa na William Augustus Croffut katika gazeti la Detroit Post and Tribune. Kwa maelezo yake, mti ulisimama juu ya kisanduku kidogo, nao ukizunguka mara sita kwa dakika. Kila ulipokamilisha mzunguko taa zote zilikwisha zimika na kuwaka tena, na rangi zikipokezana. Darini zilipitishwa nyaya mbili zenye taa nyingine 28, na umeme wote uliletwa kwa waya mwembamba kutoka kituo cha kampuni.

Msomaji na atue hapa kidogo. Mizunguko sita kwa dakika ni mzunguko mmoja kwa sekunde 10. Mtu aliyeketi kitini mwa Bwana Johnson aliona mbele yake wekundu ukija, ukapita, kisha weupe, kisha ubuluu, halafu wekundu tena, bila ya yeye kuinuka. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba alitazama onyesho la taa zenye mwendo.

Je, nani aliziamuru taa hizo? Miaka miwili baadaye, mwezi wa Desemba mwaka 1884, gazeti la New York Times lilieleza mti mwingine wa bwana huyo huyo, wenye kimo cha futi sita na taa 120. Taa hizo ziligawanywa katika mafungu sita. Shina lilivishwa mikanda ya shaba, nayo ikigusana na vifungo vya madini. Mti ulipozunguka, kifungo kiligusa mkanda na umeme ukapita. Kilipofika penye mwanya, umeme ukakatika. Hivyo fungu lililokuja mbele ya watazamaji liliwaka, na lililopita likazimika. Amri yote iliandikwa katika shaba: palipo na shaba ni kuwaka, palipo na mwanya ni kuzimika. Kompyuta ya leo haifanyi zaidi ya hapo, ila hufanya upesi zaidi, tena kwa taa nyingi zaidi.

Tusisahau, hata hivyo, kwamba mti huo ulikuwa tangazo la biashara. Haukusimamishwa kwa ajili ya maskini wa New York. Aliyeutazama alikuwa mgeni wa tajiri, na aliyesoma habari zake gazetini alitakiwa kutamani umeme.

Samaki mmoja akioza

Kwa miaka mingi mti wa taa za umeme ulibaki kuwa wa wenye mali. Ilimpasa mwenye nyumba awe amekwisha ingiziwa umeme, kisha amwite fundi aje aunganishe taa moja moja kwa mkono. Mwaka 1903 kampuni ya General Electric ilianza kuuza nyaya zilizokwisha fungwa taa kiwandani. Bei yake ilikuwa dola 12 hivi, fedha zilizokaribia mshahara wa juma zima wa mfanyakazi wa kawaida.

Nyaya hizo zilifungwa taa nane kwa mfululizo, yaani umeme uliingia taa ya kwanza, ukatoka ukaingia ya pili, na kuendelea hadi ya mwisho. Sababu yake ni hesabu tu. Umeme wa nyumba za Marekani ulikuwa na nguvu ya volti 120 hivi, na volti hizo zikigawanywa kwa taa nane, kila moja hupata volti 15, kadiri inayoifaa taa ndogo. Njia ilikuwa rahisi, lakini ilikuwa na kasoro moja kubwa: taa moja ikiungua, umeme hukatika njiani, na nane zote hufa pamoja. Hapo baba wa nyumba hana budi kuzijaribu moja baada ya moja hadi ampate mkosaji. Wahenga wetu hawakuzijua taa hizo, lakini waliijua tabia yake waliposema kwamba samaki mmoja akioza, wote huoza.

Dawa yake ni kuziunganisha sambamba, kila taa ikiwa na njia yake kutoka kwenye waya mkuu hata moja ikifa wenzake waendelee kuwaka. Mpango huo wahitaji waya mwingi zaidi, na taa zinazoistahimili nguvu yote ya umeme wa nyumbani. Kwa hiyo ulichelewa kuwafikia wanunuzi wa kawaida. Mwalimu wa sayansi anayetaka kuwafunza wanafunzi tofauti ya mfululizo na sambamba hatapata mfano ulio bora kuliko waya mmoja mkuukuu wa taa za Krismasi.

Mti watoka sebuleni

Sasa twafika kwenye swali letu la tatu. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1912 ulisimamishwa mti mrefu wenye taa za umeme katika bustani ya Madison Square, mjini New York, mahali pa wazi, ili autazame kila mtu, hata yule asiyekuwa na mti wala umeme kwake. Mfano huo uliigwa katika miji mingi ya Marekani.

Tarehe 24 Desemba 1923 Rais Calvin Coolidge alibonyeza swichi mjini Washington, ukawaka mti wenye kimo cha futi 48, yaani karibu mita 15, ulioletwa kutoka jimbo la Vermont. Ulikuwa na taa 2,500 za rangi nyekundu, nyeupe na kijani. Hapa pia biashara haikuwa mbali, kwani miongoni mwa waliousaidia mpango huo kilikuwamo chama cha wafanyabiashara wa umeme, ambacho nia yake ilikuwa kueneza matumizi ya umeme majumbani. Lakini umati wa watu waliokuja haukuja kununua umeme. Walikuja kutazama na kuimba, na mti ule ukawa wao. Desturi hiyo ya kuwasha mti wa taifa imeendelea hata leo.

Mfano ulio bora zaidi ni wa mwaka 1931, na ajabu yake ni kwamba habari zake hazina sifa ya taa. Marekani ilikuwa katika dhiki kuu ya uchumi, na watu wengi hawakuwa na kazi. Wajenzi wa majumba ya Rockefeller Center mjini New York, waliobahatika kupata kibarua, walichanga fedha wakanunua msonobari wa futi 20, wakausimamisha kati ya matope na mawe ya ujenzi. Waliupamba kwa mapambo waliyotengenezewa na jamaa zao, kwa karatasi, kwa matunda mekundu yaliyotungwa kama shanga, na kwa mikebe ya bati. Miaka miwili baadaye, mwaka 1933, wenye majumba walisimamisha mti rasmi wa futi 50 wenye taa 700. Leo mti wa mahali hapo hufungwa taa zipatazo 50,000, na watu husafiri kutoka pande zote za dunia kuja kuutazama. Asili ya fahari yote hiyo ni mchango wa vibarua. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Mti uliozimwa

Yapo mambo ambayo mti wa taa huyasema kwa kuwaka, na yapo ambayo huyasema kwa kuzimwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mti wa taifa wa Washington haukuwashwa kuanzia mwaka 1942 hadi 1944. Mti wa Rockefeller Center nao ulibaki gizani mwaka 1944. Vita vilipokwisha, mwaka 1945, mti huo wa New York ulimulikwa kwa mitambo sita ya mwanga usioonekana kwa macho, ule wa zambarau kupindukia, na mapambo yake yaliyopakwa rangi maalumu yakang'aa kana kwamba yana mwanga wa ndani.

Lakini kisa kilichotugusa sisi zaidi ni cha Rais Jimmy Carter. Tarehe 4 Novemba 1979 Wamarekani wa ubalozi wa nchi yao mjini Tehran walitekwa. Mwezi wa Desemba umati ulipokusanyika Washington kuona mti wa taifa ukiwashwa, iliwaka nyota ya kileleni tu pamoja na taa za miti midogo 50 iliyouzunguka, mmoja kwa kila mateka. Mti mkubwa wenyewe ukabaki giza. Krismasi ya mwaka 1980 ilipofika mateka walikuwa bado hawajarudi. Safari hii mti uliwashwa kwa sekunde 417, kasoro sekunde tatu kutimia dakika saba: sekunde moja kwa kila siku ya utekwa wao. Kisha ukazimwa. Mateka walifunguliwa tarehe 20 Januari 1981, nao mti ukawashwa kwa ajili yao, ingawa sikukuu ilikuwa imekwisha pita.

Aliyepanga sekunde 417 alipanga onyesho la taa lililo rahisi kuliko yote: kuwaka mara moja na kuzimika mara moja. Hata hivyo tumeshindwa kutaja onyesho lenye taa elfu lililosema maneno mengi kuliko hilo. Mpangaji wa taa anayejua kuwasha tu anajua nusu ya kazi yake.

Jinsi mwanga unavyotembea

Tumesema kwamba mti wa Johnson ulizunguka wenyewe. Baadaye mafundi waligundua kwamba hakuna haja ya kuuzungusha mti. Yatosha kulidanganya jicho. Taa moja ikizimika na ya jirani yake ikawaka papo hapo, jicho halioni taa mbili, bali huona mwanga mmoja uliohama. Ndiyo hila ile ile inayozifanya picha za sinema zitembee.

Hila hii ina sharti lake. Tukizifunga taa katika mafungu mawili tu, moja likiwaka na jingine likizimika, mwanga hubadilishana mahali lakini haujulikani unakwenda wapi, kulia au kushoto. Tukizifunga katika mafungu matatu, taa ya kwanza ya fungu A, ya pili B, ya tatu C, kisha A tena, na tukayawasha kwa mpango wa A, B, C, mwanga huonekana ukikimbia upande mmoja. Tukiugeuza mpango ukawa C, B, A, mwanga hurudi. Kwa hiyo mafungu matatu ndiyo machache kabisa yanayoweza kuupa mwanga mwelekeo. Mwalimu anaweza kulijaribu jambo hili darasani bila ya umeme, kwa kuwapanga wanafunzi mstari mmoja na kuwainua kwa zamu.

Zamani amri hizi zilitolewa na pipa dogo lililozungushwa na mota, lenye mabamba ya shaba na mianya, ndugu wa mikanda ya Johnson. Taa nyingine ndogo zilijiamuru zenyewe. Ndani yake mliwekwa kipande cha madini ya namna mbili yaliyoambatanishwa. Kwa kuwa madini hayo hayatanuki sawasawa yapatapo joto, kipande hujipinda na kuukata umeme. Kikipoa hujinyoosha, na taa huwaka tena. Taa ya namna hiyo huwaka na kuzimika, lakini haina nidhamu ya wakati.

Rangi iliyokosekana na hesabu ya mti wa leo

Taa za zamani zilipata rangi kwa kupakwa juu ya kioo, hata taa nyekundu ikabaki nyekundu hadi kufa kwake. Mageuzi yaliletwa na diodi itoayo mwanga. Nick Holonyak alitengeneza diodi ya mwanga mwekundu mwaka 1962. Ya kijani ilifuata, lakini buluu yenye nguvu ilikataa kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1993 Shuji Nakamura wa Japani alipoitangaza yake. Yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Kwa nini tuzo kubwa hivyo kwa ajili ya rangi moja? Kwa sababu nyekundu, kijani na buluu zikikutana huzaa rangi nyingine zote, pamoja na nyeupe. Ilipokosekana buluu, familia haikutimia.

Siku hizi taa moja ndogo huwa na diodi zote tatu pamoja na kipande cha elektroniki kinachopokea amri yake peke yake. Kila rangi ina ngazi 256 za mwanga, kwa hiyo taa moja yaweza kutoa rangi 16,777,216. Hapana tena haja ya mafungu matatu wala sita. Kila taa ni fungu.

Natuchukue mfano wa kundi la watu wanaotaka kupanga mti mkubwa wa aina hii uwanjani. Mti wenyewe si msonobari, bali ni mlingoti ulionyooka, na kutoka kileleni huteremshwa nyaya 16 hadi kwenye duara lililo chini, umbo likawa kama hema. Kila waya una taa 50, na kati ya taa na taa ni sentimita 10, basi urefu wa waya ni mita 5. Mlingoti ukiwa na mita 4.8, duara la chini litakuwa na nusu kipenyo cha mita 1.4, kwa kanuni ya Pythagoras ambayo kila mwanafunzi wa sekondari anaijua. Mzingo wa duara hilo ni mita 8.8 hivi, kwa hiyo chini kati ya waya na waya patakuwa na sentimita 55, na juu nyaya zote zitakutana. Ndiyo maana picha inayochorwa juu ya mti huo hutanuka miguuni na kubanana kichwani, na mpangaji hana budi kulifikiria hilo mapema.

Taa zote ni 800. Kila moja ikiwaka rangi zake tatu kwa nguvu zote hula milliampea 60 kwa volti 5. Zote pamoja ni ampea 48, sawa na wati 240. Pasi ya umeme hula kama wati 1,000. Taa 800 kubwa za zamani za wati 7 zingekula wati 5,600. Lakini ampea 48 si mchezo kwa waya mwembamba. Umeme huchoka njiani, na kwa kuwa diodi nyekundu huridhika na volti chache kuliko buluu na kijani, taa za mbali zilizoamriwa ziwe nyeupe hugeuka nyekundunyekundu. Kwa hiyo umeme sharti uingizwe mahali pengi, wala usitegemewe mwanzo wa waya peke yake. Mlingoti nao sharti ufungwe kamba imara pande zote, kwani upepo haujali uzuri. Na viungo vyote vikingwe maji ya mvua.

Ama kuhusu amri, kila taa hupelekewa alama 24, na kazi hiyo huchukua sehemu 30 za milioni za sekunde. Taa 800 hupelekewa amri zote kwa sehemu 24 za elfu ya sekunde, yaani mti mzima waweza kubadilishwa sura mara 40 hivi kwa sekunde. Hilo latosha kabisa kulidanganya jicho.

Na kuchora? Hapo tunarudi kwenye daftari la mirabaraba. Safu 16 za wima ni nyaya, na mistari 50 ya mlalo ni taa. Mpangaji hutia rangi vyumba vya daftari. Akipanda ngazi moja kila anapohamia waya wa jirani, hupata mstari unaouzunguka mti kama nyoka. Akiupandisha mstari huo kidogo kidogo ukurasa baada ya ukurasa, nyoka hupanda. Kazi hii haimtishi mwanamke wa pwani anayesuka ukili wa mkeka wa rangi, ambaye huhesabu miyaa yake moja moja na kuiona picha nzima akilini kabla mkeka haujashonwa.

Maneno yetu

Kwa kuwa wasomaji wetu ni walimu wa lugha, haifai tufunge bila ya kugusa msamiati. Neno umeme lilikuwa la mwanga wa radi kabla ya kuwa la nyaya. Nchini Kenya wengi husema stima, neno ambalo kwanza lilikuwa jina la meli ya mvuke. Glopu hutukumbusha tufe la kioo, ingawa diodi za leo si tufe tena. Na kwa matendo ya mwanga hatuna umaskini: taa tulivu hung'aa, taa inayotupia kitu mwanga humulika, taa nyingi ndogo zinazochezacheza humetameta, na taa inayowaka na kuzimika kwa vipindi hupepesa kama jicho. Mwanafunzi anayesema "taa inawaka" kwa yote hayo ana waya mmoja wa rangi moja.

Hitimisho

Pengine msomaji atatuuliza: Sisi tunaokatikiwa umeme usiku wa manane, tena tuna vijiji visivyoujua bado, haya yatuhusu nini? Swali lake ni la haki, wala hatumshauri mtu aache ada ya mtoto ili anunue taa 800. Tunalosema ni kwamba historia hii haikuongozwa na wingi wa taa. Mti wa mwaka 1882 ulikuwa na taa 80 na watazamaji wachache. Mti wa vibarua wa mwaka 1931 ulipambwa kwa mikebe, na ndio uliozaa desturi inayokusanya maelfu. Mti wa sekunde 417 ulikaa gizani karibu usiku wote, na ndio unaokumbukwa.

Basi shule au mtaa ukitaka kusimamisha mti wa taa, hata wa nyaya mbili, na waanze na swali la tatu kabla ya la kwanza: nani atautazama, na atasimama wapi? Jibu lake ndilo litakaloamua kimo cha mlingoti, idadi ya taa, na saa ya kuuzima ili jirani alale.